Nzi wangu wa foamu anageuka chali, samaki wanamdonoa na kwenda zao. Nakosea wapi?

MgosiTexas:
Wakuu, heshima mbele. Nimepekua nyuzi za humu hadi za zamani, sijaona aliyewahi kuuliza hili, nikaona nianzishe mwenyewe. Wa kucheka acheke kwanza, halafu tuendelee.

Naishi San Antonio, Texas, huu mwaka wa sita. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kazini alipostaafu aliniachia ufito wake wa kurushia nzi, ule mwembamba wa namba 5. Kwa asiyejua: hapa hakuna mnyoo wala dagaa. Chambo ni mdudu wa bandia, ndiye tunayemwita nzi, mwepesi kiasi kwamba ukimtupa kwa mkono hafiki mbali. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene kama uzi wa kufumia sweta, na huo ndio unaombeba mdudu.

Wengi wakisikia uvuvi wa aina hii wanawaza trauti na mito ya baridi. Huku kwangu maji ni vuguvugu, na wateja wangu ni bluegill, kisamaki bapa cha ukubwa wa kiganja, dume lake lina kifua cha rangi ya chungwa, pamoja na besi wa mdomo mkubwa. Wote wawili wanapanda juu kula panzi na kereng'ende walioangukia majini. Ndiyo maana nzi wa foamu anawafaa, anaelea kutwa nzima bila kupakwa kitu.

Sasa dukani nzi mmoja ananigharimu dola 3 mpaka 5, na mwanangu wa miaka 9 siku moja kaning'iniza wanne juu ya mti mmoja. Nikaona bora nifunge mwenyewe, yaani nimtengeneze kwa kuzungushia uzi kwenye ndoana. Nikapata vaisi ndogo ya mtumba, kile kibanio cha kushikia ndoana. Nilianza na sponji ya godoro (nimesema mcheke mapema), ikanywa maji ikazama kama jiwe. Sasa natumia zile karatasi za foamu za watoto kukatia maua na herufi, unene milimita 2. Hiyo inaelea. Lakini nikikaza uzi, uzi unaikata foamu vipande viwili. Nikilegeza, foamu inazunguka kwenye ndoana na nzi anatua chali, ncha juu. Na hata akitua vizuri, Jumamosi nimehesabu midonoo zaidi ya 20, nimetoa samaki 3. Watatu!

Picha ya nzi mwenyewe hiyo hapo. Najua ni mbaya.

Kaa Chonjo:
Samaki wa kiganja? Huyo kwetu Mwanza tunamrudisha majini akamlete baba yake.

Kaa Chonjo:
Ila naweka kambi hapa. Uzi wa kuulizia uzi sijawahi kuuona.

fundi_cherehani:
Mgosi, mimi hata kambale sijawahi kumvua, lakini uzi naujua, niko kwenye cherehani Kariakoo mwaka wa 22. Uzi mwembamba ukiubana kwenye kitu laini ni waya kwenye sabuni ya mche, lazima ukate. Kwanza niambie, uzi wako una unene gani? Pili, mzunguko wa kwanza kabisa unaubana au unaulaza?

MgosiTexas:
Umeandikwa denier 70. Na naubana, mkuu. Tena kwa hasira.

fundi_cherehani:
Ndipo hapo. Mizunguko miwili ya kwanza usibane, ilaze tu iguse foamu. Wa tatu vuta kidogo. Wa nne na wa tano ndiyo ukaze, na yote ipite palepale, usihame. Ile ya chini inakuwa mto wa ile ya juu, foamu inabonyea taratibu badala ya kukatwa. Tunafanya hivyohivyo tukishona mpira wa kiunoni kwa mkono. Ukianza na hasira, unaumia wewe.

BabaZawadi:
Fundi umeniwahi, na umesema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi. Nipo Dallas, nafunga nzi mwaka wa 11. Naongezea.

Denier 70 ni uzi wa nzi wadogo wa trauti. Kwa foamu weka 140, na ukianza kufunga wakubwa wa besi nenda 210. Uzi mpana unalala bapa kama utepe, haukati.

Kuhusu kuzunguka: naamini unalaza foamu juu ya chuma kitupu. Chuma cha ndoana kinateleza, hata ufunge kwa kamba ya meli foamu itazunguka. Anza na uzi peke yake. Zungusha kutoka nyuma ya tundu la ndoana hadi pale ndoana inapoanza kupinda, halafu rudi kwa mizunguko ya mbalimbali inayokatiza ile ya kwanza, mpaka chuma kiwe na mikwaruzo ukikipitishia kucha. Tia tone la supagluu. Nasema tone, chovya ncha ya sindano, usikamue chupa, mimi nimeshawahi kwenda kazini na vidole viwili vimegandana. Laza foamu, ifunge kama fundi alivyosema, hesabu mpaka kumi. Nzi huyo hata umshike kwa koleo hazunguki.

Sasa midonoo 20 na samaki 3. Hili ndilo kubwa, na jibu liko kwenye picha yako. Mshike nzi umtazame kwa ubavu. Kati ya ncha ya ndoana na tumbo la nzi panatakiwa pawe wazi, hapo ndipo mdomo wa samaki unapoingia. Kwako foamu imeifunika ndoana kote, juu na chini, imeshuka mpaka inakaribia kuigusa ncha. Samaki anafunga mdomo, anabana foamu, ncha haimgusi popote, anatema. Foamu ikae juu ya chuma tu. Upana wa kipande chako usizidi ule uwazi wa ndoana. Mimi sipimi kwa rula, naweka ndoana juu ya karatasi ya foamu nakata kwa kuifuata.

Na miguu! Hiyo miguu ya mpira umeiacha mirefu kama ya buibui wa chooni. Bluegill hammezi mdudu kwa pupa. Anakuja, anasimama chini yake, anamkagua, ndipo anamfyonza. Mdomo wake hata kidole chako kidogo kinaingia kwa shida. Katika hao 20, nakuhakikishia wengi hawakudonoa nzi, walivuta miguu. Ikate ibaki urefu wa ukucha wa kidole gumba. Itacheza vilevile.

Ndoana namba ngapi?

MgosiTexas:
Namba 6. Nilidhani nikiongeza namba ndoana inakuwa kubwa.

BabaZawadi:
Kinyume. Namba ikipanda ndoana inapungua. Kwa bluegill weka 10, au 8 ukitaka na besi wadogo waje. Namba 6 mwachie besi.

Halafu leseni ya Texas Parks and Wildlife unayo? Mtoto chini ya miaka 17 hahitaji, wewe unahitaji, isipokuwa ukivulia ukingoni ndani ya hifadhi za jimbo, humo huhitaji leseni. Nauliza tu, nisije nikakufundisha kufunga nzi ukanilaumu kwa faini.

MgosiTexas:
Leseni ninayo mkuu, nilikata kabla hata ya kujua kurusha.

Bi Mkunazini:
Wanangu hamjambo. Mimi niko Unguja, nimeingia humu kutafuta mambo ya kuku nikajikuta nasoma habari za nzi.

Huyo nzi anayegeuka chali mie naona ni chombo kisicho na mkuku. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mashua, akisema uzito ukae chini na kinachoelea kikae juu, ukichanganya umezamisha watu. Ndoana ndiyo mkuku wake. Ukiifunika foamu mpaka chini, mkuku umeutia maboya.

Na hiyo foamu munanunua ya nini? Si ndala hizo! Ufukweni kwetu kila bamvu linatuletea ndala moja moja, za kushoto kwa wingi sijui kwa nini. Lamu wameunda jahazi zima kwa plastiki za taka, wakalivika ndala rangi zote, likaitwa Flipflopi, likaja mpaka hapa Unguja 2019. Kinachovika jahazi kinashindwa mdudu?

BabaZawadi:
Bi mkubwa umesema kweli tupu. Ndala nyingi ni foamu ya jamii ileile, vipovu vyake vimefungika kila kimoja peke yake, maji hayana pa kuingilia. Godoro vipovu vyake vimetobokeana, ndiyo maana lilikunywa. Na ndala kwa unene wake ni bora kuliko karatasi ukitaka kutengeneza nzi wa kupiga kelele, mwenye uso bapa unaosukuma maji.

Namna ya kukata: tafuta eriali ya redio mbovu, ile ya kuvuta. Ikate pingili, noa mdomo wa pingili kwa ndani mpaka uwe kisu cha duara. Izungushe kwenye ndala ukiibonyeza taratibu, unatoa kijiti cha foamu kizuri cha mviringo. Kila pingili ya eriali ina kipimo chake, kwa hiyo unapata saizi zote kwenye redio moja. Kijiti hicho kichane mfereji chini kwa wembe, usivuke theluthi moja, kitie gundi, kikalishe juu ya ndoana iliyokwisha kuzungushiwa uzi.

fundi_cherehani:
Wembe uchovyeni kwenye maji ya sabuni kwanza, unapita bila kuburura. Na miguu ya kwenye ndala msifunge kwa nje, tobolea kwa shazia, pitisha mpira ndani, tone la gundi kila upande. Haichomoki.

Kaa Chonjo:
Wazee mmegeuza uzi kuwa VETA.

NaivashaKwetu:
Salamu kutoka Naivasha. Watu wengi hawajui kwamba huyo besi wa mdomo mkubwa mnayemzungumzia yuko hapa kwetu pia. Aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920 kwa ajili ya hawa hawa wavuvi wa fito, na bado yupo ziwani, anajificha pembezoni mwa mafunjo.

Mimi hutumia kitu kimoja rahisi, jamaa mmoja mgeni alinionyesha. Wanaiita Gurgler, aliyeibuni ni Jack Gartside wa Boston. Unakata foamu ukanda mmoja mrefu. Unafunga mkia wa manyoya, unaifunga foamu juu ya chuma ikielekea nyuma, unazungusha mwili wa sufi kurudi mbele, kisha foamu unaikunja juu ya mgongo kuja mbele na kufunga nyuma ya tundu. Usikate yote. Acha ulimi mdogo mbele, usimame. Ukivuta mshipi, ule ulimi unasukuma maji, unasikika kama mtu anayekunywa uji moto.

Shida ya hapa ni gugumaji, kila ukirusha unanasa majani. Dawa yake ni kipande cha nailoni ngumu. Kifunge nyuma, kipinde kipite chini mbele ya ncha, ukifunge tena mbele, kiwe kama kitanzi. Majani yanateleza, mdomo wa besi unakibonyeza. Shida nyingine ni viboko, hao nailoni haiwazuii. Saa kumi na mbili jioni ndiyo besi anapanda vizuri, na ndiyo saa kiboko anatoka. Mimi jua likigusa mlima natoka majini.

BabaZawadi:
Gurgler ni mwalimu mzuri kwa anayeanza. Mgosi, funga huyo watano kabla hujagusa kingine chochote.

Jambo la mwisho halafu nikalale: akitua, muache. Usimvute. Ngoja yale maduara ya maji yaishe yote, hapo mtikise mara moja, ngoja tena. Na akidonoa usinyanyue ufito juu kama unang'oa muhogo, vuta mshipi kwa mkono wa kushoto mpaka usikie uzito, ndipo unyanyue. Sasa hivi maji yakishapita nyuzi 20 za Selsiasi, bluegill wanachimba viota kwenye kina kifupi, utaviona kama sahani za mchanga zimepangwa. Dume analinda kiota, hana subira na mdudu anayekaa juu ya nyumba yake.

MgosiTexas:
Wakuu, mrejesho. Wiki mbili zimepita.

Wa kwanza watatu niliwatupa, gundi ilijaa mpaka tundu la ndoana likaziba. Wa nne akakaa. Nilimshika kwa koleo kama alivyosema BabaZawadi, nikamzungusha, hakwenda popote, nikamwita mke wangu aje aone. Hakuona cha maana.

Jumamosi tumetoka mimi na dogo, nzi wa namba 10, foamu nyeusi chini na utepe wa njano juu ili sisi tumuone. Miguu nimekata, mwingine nikamwachia mirefu kwa makusudi. Mwenye miguu mirefu: midonoo 9, samaki 1. Mwenye miguu mifupi: midonoo 14, samaki 10. Dogo katoa 6 katika hao na hataki kunirudishia ufito. Kosa langu lililobaki ni mkono, bado nanyanyua mapema, huyo muhogo umenikaa mwilini.

Halafu nimepata mmoja ambaye sikumwelewa. Kijivu iliyokolea, mwili mzima vidoa vya samawati kama amenyunyiziwa, dume kubwa lenye nundu kwenye paji la uso. Nilivyomshika nikasema huyu ni perege wa Pangani kabisa. Nimemrudisha.

BabaZawadi:
Hujakosea sana. Huyo ni Rio Grande cichlid, wa ukoo mmoja na perege na sato. Katika ukoo mzima ni yeye tu ambaye asili yake ni maji ya Marekani, na asili yenyewe ni huko kusini mwa Texas, San Antonio alipelekwa. Wewe umetoka Tanga umekutana na binamu.

Bi Mkunazini:
Umemrudisha? Na nazi zipo madukani?

NaivashaKwetu:
Hongera Mgosi. Kama Desemba unakuja nyumbani, pitia Nairobi tuonane. Nibebee ndoana namba 8 pakiti mbili na uzi wa 140 mweusi. Huku madukani wananiuzia ndoana za mbuta (sangara), kubwa hadi unaweza kutundikia koti.