Mjengo umeisha, watoto wanasoma ndani, mdaiwa ni mimi

Wadau, leo nimeamka vibaya na sitapima maneno.

Mimi ni mkandarasi mdogo, daraja la 6 kwa NCA, mamlaka ya ujenzi ya Kenya. Kazi yangu ni plasta, vigae na rangi. Mwisho wa 2023 mkandarasi mkuu mmoja, simtaji, anajijua, alinipa kazi ya ndani ya madarasa ya shule ya umma huku Eastlands, Nairobi. Tulimaliza kabla ya wakati. Watoto waliingia, picha zikapigwa, utepe ukakatwa. Mimi sikualikwa, na si kitu, nilikuwa nasubiri pesa tu.

Cheti changu cha malipo kilitoka Machi 2024: shilingi 4,000,000, na VAT ya 16% juu yake, 640,000. QS, yule mkadiriaji wa gharama za mjengo, akasaini. Ofisi ya mkuu ikanipigia: "Leta ankara ya eTIMS leo, bila hiyo hulipwi." Hiyo ni ankara ya mfumo wa kielektroniki wa KRA, watoza kodi. Nikakimbia nikaitoa saa hiyohiyo. Kumbe najifunga kamba mwenyewe.

Maana sheria ya VAT ya 2013, kifungu cha 12, haingoji ulipwe. Kazi ikifanyika, au cheti cha msanifu kikitoka, au ankara ikiandikwa, au pesa ikiingia, chochote kitakachotangulia, hapo ushuru umeiva. Tarehe 20 ya mwezi unaofuata unatakiwa uwe umeutoa. Nikaondoa VAT niliyolipa kwenye simiti na vigae, nikabaki nadaiwa 390,000 kwa pesa ambayo hata harufu yake sijaisikia. Sikuwa nayo. Faini ya kuchelewa 5%, halafu riba 1% kila mwezi. Imekuwa ikipanda hadi leo.

Sasa sikilizeni utamu wake. Ile ankara yangu, mkuu ameshaitumia kupunguza VAT yake yeye. Hajanipa hata senti, lakini ushuru ambao hajaulipa ameudai kama wake, na sheria inamruhusu! Na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi ya mapato, ndiyo maana alikuwa na haraka ile. Nilidhani ana haraka ya kunilipa mimi.

Nikienda kwake ananifungulia mkataba na kuweka kidole kwenye mstari mmoja: nitalipwa yeye akilipwa. Uingereza, ambako tuliazima nusu ya sheria zetu za mikataba, walipiga marufuku kipengele hicho kwa sheria yao ya 1996, isipokuwa aliye juu amefilisika. Huko ukikosana na mwenzako kwenye mjengo, mwamuzi anatoa uamuzi kwa siku 28, unalipwa kwanza, kesi ndefu baadaye. Hapa miswada ya kulipa kwa wakati tunaisikia Seneti, inasomwa, inasifiwa, inalala.

Haya, mkuu naye analia kwamba serikali haijamlipa. Labda ni kweli. Lakini sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 53, inasema ofisa mhasibu asianzishe zabuni kabla ya kuhakikisha pesa ipo kwenye bajeti, na akikiuka kwa kujua, ni kosa la jinai. Kifungu cha 140 kinasema deni likichelewa lilipwe na riba. Nani kati yenu amewahi kumwona ofisa kizimbani kwa hilo? Mimi nimeona madalali wakija kwa jirani yangu wa mabati.

Na mkuu hata akienda mahakama ya Milimani akashinda, hatabeba kiti cha serikali. Sheria ya kesi dhidi ya serikali, sura ya 40, kifungu cha 21, inakataza kukamata mali yake. Unapewa hati ya deni, unaipeleka wizarani, wakinyamaza unarudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha ofisa alipe. Kesi juu ya kesi. Ile kamati ya Edward Ouko, mkaguzi mkuu wa zamani, ya kuhakiki madeni ya serikali ilipewa ya Juni 2005 hadi Juni 2022. Langu ni la 2024, kwa hiyo halipo hata kwenye foleni hiyo.

Makandarasi wa lami, yaani wa barabara, angalau wameonwa. 2025 serikali ilichukua shilingi 7 kati ya 25 za tozo ya barabara kwa kila lita ya mafuta, ikakopea, lengo bilioni 175 za kuwalipa. Siwaonei wivu, nao waliteseka. Ila kila nikiweka mafuta kwenye pikapu, mimi nisiyelipwa nachangia kumlipa mwenye lami. Wa madarasa, zahanati na vyoo tutakopewa dhidi ya nini, chaki?

Msiniandikie "tafuta wakili". Nimempata. Mkataba una kifungu cha usuluhishi (arbitration), nikienda kortini moja kwa moja watanirudisha huko kwa sheria ya usuluhishi ya 1995, na msuluhishi anataka amana kabla ya kufungua faili. Logibuku ya pikapu iko kwa shailoki, mkopeshaji wa riba kali, tangu Septemba. Amana nitoe wapi?

Ninachouliza ni hiki: kuna mkandarasi mdogo humu aliyewahi kukubaliwa kulipa VAT kwa awamu wakati bado anadai? Aliandika barua ya namna gani, na ile riba ilisimama au iliendelea? Fundi wa vigae namdai nidhamu, yeye ananidai 85,000, na anajua ninapoishi.