Wanaotuuzia fleti za Nairobi huku Kigoma wanatuficha sheria ya Kenya

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninawaomba wafanyabiashara wenzangu wa Mwanga, Ujiji na Kibirizi wausome kabla hawajatia saini mkataba wowote. Kampuni moja ya kuuza nyumba ilituita ukumbini hapa mjini, ikatuonyesha picha za fleti za kupangisha jijini Nairobi, ikatuahidi mbele ya wazee wetu kwamba mnunuzi atamiliki fleti yake milele, yeye na wajukuu wake. Nilinunua. Fleti ipo na mpangaji yupo, lakini nilichouziwa sicho nilichoelezwa.

Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa njia ya upangaji tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kwamba mkataba unaodai kumpa zaidi ya hapo utahesabiwa kuwa umempa miaka hiyo 99 basi. Kwa hiyo neno "milele" lililomo kwenye vipeperushi vyao halikuwa na nguvu yoyote tangu siku lilipochapwa. Nilipomhoji mtu wao wa mauzo, alinishauri nisajili kampuni Kenya ili fleti iandikwe kwa jina la kampuni, ilhali ibara hiyohiyo inasema kwamba kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia wa Kenya. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ungenigharimu fedha nyingine.

Kodi ndiyo iliyoniumiza zaidi. Pango ni shilingi 35,000 za Kenya kwa mwezi. Kwa kuwa mimi si mkazi wa Kenya, ninakatwa kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla pango halijanifikia, ya asilimia 30 ya pango lote kabla ya kuondoa gharama yoyote, yaani 10,500. Mkenya mwenye fleti ya mlango wa pili, kwa pango hilohilo, hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, yaani 2,625. Ongeza 5,000 za huduma za jengo, na 3,500 ambazo kampuni hiyohiyo inajilipa kwa kukusanya pango, utaona kwamba ninabakiwa na 16,000, ambazo bado hazijakatwa ada ya kutumwa Tanzania. Katika jedwali la mapato walilotugawia ukumbini, mstari wa kodi haukuwapo kabisa.

Sina ugomvi na Kenya. Hata Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Ugomvi wangu ni na wauzaji walioijua sheria ya Kenya vizuri wakanyamaza, kwa sababu walijua kwamba muuza dagaa na mawese wa Kigoma hana wakili Nairobi. Wakili tuliyepewa alikuwa wakili wao, na ada yake tulilipa sisi.

Ninaitaka kampuni hiyo itoe jedwali jipya lenye kodi zote, na iwarudishie fedha wanaotaka kujitoa. Ninyi mnaolipa kwa awamu, mtafuteni wakili wenu wenyewe mwenye leseni ya Kenya ausome mkataba kabla ya awamu ijayo. Na yeyote ambaye bado ana kile kipeperushi chenye neno "milele" anitumie picha yake, kwa maana tunaandaa barua ya pamoja ya malalamiko.