Ushauri: naunganisha menyu tano za mfumo ziwe moja, nipange vipi?

Paneli_ya_Juu
Wakuu, naomba ushauri. Naunda upya menyu ya mfumo kwenye eneokazi la Linux. Sasa hivi kona ya juu kulia ina ikoni tano, kila moja na menyu yake: mtandao, Bluetooth, sauti, betri na mtumiaji. Nataka iwe menyu moja yenye swichi na vitelezi. Nimekwama mahali patatu: kipi kibaki nje, orodha ya Wi-Fi ifunguke pembeni au humo humo, na "Zima" nikiweke wapi.

Fundi_Kiolesura
Mkuu, GNOME (mojawapo ya maeneokazi ya Linux) waliunganisha menyu hizo kwenye toleo la 3.10 mwaka 2013, kisha toleo la 43 la mwaka 2022 likaleta vitufe vya kuwasha na kuzima vitu kama Wi-Fi. Wachunguze, ila usinakili kila kitu.

Unganisha menyu, usiunganishe ikoni. Ikoni za mtandao, sauti na betri zibaki kwenye paneli, maana watu huzitazama mara nyingi kuliko wanavyozibofya. Zikae tu ndani ya kitufe kimoja. Gurudumu la kipanya likizungushwa juu ya ikoni ya sauti, lipandishe au lishushe sauti bila kufungua chochote. Lugha ya kibodi iache nje kabisa. Anayeandika kwa lugha mbili huibadili kila mara, ukimwongezea bofyo moja umemtesa.

Kitufe kiguse ukingo wa skrini hadi pikseli ya mwisho. Kanuni ya Fitts (1954) inasema muda wa kufikia shabaha hutegemea umbali na ukubwa wake. Ukingo humzuia mshale usipitilize, kwa hiyo kitufe cha konani hakikoseki hata ukisukuma kipanya kwa pupa. Acha pengo la pikseli mbili kwa ajili ya urembo, faida yote imekwenda: mtu anafika kona, anabofya, kimya.

mshale_mweusi
Wi-Fi ifunguke humo humo, kwa kushuka chini. Menyu ndogo ya pembeni ina ugonjwa wake: mshale ukiifuata kimshazari unapita juu ya kipengele cha jirani, na ile uliyoitaka inajifunga. Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuchelewesha: Windows husubiri milisekunde 400, thamani iitwayo MenuShowDelay, na wanaoiweka 0 ili "iwe haraka" ndio wanaokutana na ugonjwa huu barabara. Ya pili ni pembetatu isiyoonekana, kutoka kwenye mshale hadi pembe mbili za karibu za menyu ndogo. Mshale ukiwa ndani yake, hakuna kinachobadilika. Hiyo ya pili ndiyo bora, ila ukifungua humo humo huhitaji hata moja.

Sehemu moja tu iwe wazi kwa wakati mmoja, la sivyo kwenye skrini ya urefu wa pikseli 768 menyu itapotelea chini. Orodha ya mitandao iwekee kikomo cha urefu, isogezwe yenyewe bila kusogeza menyu nzima. Na tafadhali usiipange upya kwa nguvu ya mawimbi ikiwa wazi! Majibu ya utafutaji yakirudi safu zinaruka, mtu anabofya mtandao usio wake. Mipya iingie mwishoni, upange tena menyu ikishafungwa.

Paneli_ya_Juu
Shukrani. Sasa kitufe cha Wi-Fi kikibofywa, kizime au kifungue orodha?

mshale_mweusi
Kigawe: mwili unawasha na kuzima, kishale cha kulia kinafungua orodha. Kishale kiwe na upana wa kutosha, pikseli 40 hivi, na mstari wa kukitenga. Kikiwa chembamba, mtu anayetaka kuona mitandao anajikatia mtandao mwenyewe.

Kibodi_Tu
Mmesahau kibodi. Kwenye menyu ya kawaida kishale cha kulia cha kibodi hufungua menyu ndogo. Kwenye kitelezi huongeza sauti. Ukichanganya vyote bila kuamua, kimoja kitakufa. Amua hivi: juu na chini kuhama safu, kushoto na kulia kwa vitelezi (hatua ya 5%), Enter kufungua sehemu, Esc kurudi ngazi moja, isifunge menyu nzima kwa mkupuo.

"Zima" usiifiche. GNOME 3.0 (2011) walionyesha kulaza kompyuta tu, kuzima kukahitaji kushikilia Alt. Malalamiko yakawa mengi, na 3.6 (2012) ikairudisha. Weka kitufe kimoja cha umeme kinachofungua Laza, Washa upya…, Zima…. Nukta tatu zina kazi: zinaahidi kuwa swali litafuata kabla ya tendo. "Funga skrini" haiulizi, kwa hiyo haina nukta, na isikae jirani na "Zima".

Fundi_Kiolesura
Nyongeza: upana wa vitufe usiufunge kwa pikseli. "Night Light" ikiwa "Mwanga wa usiku" kisanduku kinakata neno la mwisho. Jaribu kwa Kiswahili na Kijerumani, na maandishi yakikuzwa 125%, kabla hujaamua safu wima mbili au moja.