Kutendua na kurudia kwenye kihariri cha fomu: nakala nzima, viraka au amri?

mjenzi_fomu: Habari wakuu. Tunaunda kihariri cha fomu kwa React (maktaba ya JavaScript ya kuchora kurasa): kurasa zina sehemu, sehemu zina maswali, maswali yana chaguo. Wiki hii lazima tuamue kuhusu kutendua (undo) na kurudia (redo). Tuhifadhi nakala ya hali yote (data nzima ya fomu), viraka vya Immer (maktaba inayoweza kurekodi kilichobadilika tu), au amri na kinyume chake (kila kitendo pamoja na kitendo cha kukibatilisha)?

kipanya: Umeacha ya muhimu. Anahariri mtu mmoja au wengi kwa pamoja? Historia ibaki hata ukurasa ukipakiwa upya?

Bi_Jedwali: Mtu mmoja? Nakala nzima zinatosha. Rafu (stack) ya hali zilizopita, rafu ya hali zijazo, na hali ya sasa katikati. Kitendo kipya kinafuta zijazo. Kumbukumbu haijai kama mnavyodhani: ukibadili lebo ya swali, vinavyoundwa upya ni swali hilo na wazazi wake hadi kwenye mzizi, matawi mengine yanatumiwa yale yale. Weka kikomo cha hatua 100. Ila usipige structuredClone (inayonakili data yote upya) kila hatua, maana kila kitu kinakuwa kipya na React inachora fomu yote ukitendua.

tawi_kavu: Nakala nzima zina mtego, Bi Jedwali. Swali jipya linapewa id (kitambulisho) ya muda, seva inajibu na id halisi, jibu linaandikwa ndani ya hali ile ile. Mtumiaji akitendua kitu kingine kilichotangulia jibu hilo, nakala ya zamani inarudisha id ya muda. Uhifadhi wa kiotomatiki unaona swali "jipya", unalituma tena, na sasa hifadhidata ina maswali mawili. Hakuna kosa linaloonekana popote. Nachagua viraka: unaita enablePatches() ya Immer mara moja, kisha produceWithPatches inakupa hali mpya, viraka na viraka vya kinyume. Majibu ya seva usiyaingize kwenye historia.

Bi_Jedwali: Hilo ni kosa la id, si la nakala. Tengeneza id kwenye kivinjari kwa crypto.randomUUID() kabla ya kutuma, tatizo limekwisha. Na viraka vyako vinataja nafasi kwenye orodha: seva ikiingiza swali juu, kiraka cha kinyume kinagusa swali la jirani.

tawi_kavu: Ndiyo maana maswali yanakaa kwenye objekti kwa id, na orodha inabeba mpangilio tu.

kipanya: Mnasahau kuchapa. Kila herufi ikiwa hatua, mtu atabonyeza Ctrl+Z mara 40 kufuta sentensi. Unganisha mabadiliko ya sehemu ile ile ndani ya milisekunde 500. Kuburuta kuwe hatua moja, kuanzia kubonyeza hadi kuachia.

mjenzi_fomu: Samahani, sikusema: watu wawili wanaweza kufungua fomu moja.

kipanya: Basi nakala nzima zitafuta kazi ya mwenzako. Angalia UndoManager ya Yjs (maktaba ya kuhariri kwa pamoja); kwa trackedOrigins (mpangilio unaosema mabadiliko ya nani yafuatiliwe) kila mtu anatendua yake tu.

Bi_Jedwali: Kwa fomu ya watu wawili? Funga (lock) sehemu inayohaririwa, basi.

mjenzi_fomu: Na kurudia, niweke Ctrl+Y au Ctrl+Shift+Z?

tawi_kavu: Zote mbili. Kwenye Mac ni Cmd+Shift+Z.