Mada: Kujiandikisha kwa GP (daktari wa mtaa) – nitumie anwani ya shangazi?

Binti wa Rau, sasa England

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Nimepanga mtaa wa uswahilini, kodi ndiyo iliyonileta. Kliniki ya karibu, mapokezi wamenidai pasipoti na bili ya umeme, na bili imeandikwa jina la mwenye nyumba. Rafiki ananishauri nitumie anwani ya shangazi aliyeko mtaa wa wenye nazo, eti huko daktari anapatikana wiki hiyohiyo. Presha ninayo tangu Moshi na dawa zinakaribia kuisha. Nifanyeje?

Mama wa Kiboriloni, Birmingham

Mdogo wangu, rudi palepale. England kujiandikisha hakudai bili, kitambulisho wala karatasi za uhamiaji. Wanaruhusiwa kuziomba, ila kukosa si sababu ya kukukataa. Wakikataa, wanatakiwa wakupe sababu kwa maandishi ndani ya siku 14. Iombe hiyo barua kwa upole. Mimi hutafsiria wenzetu kliniki, na mara nyingi fomu hutokea hapohapo. Kumuona GP ni bure. Dawa England unalipia, Wales na Scotland hulipi. Kwa kuwa zako ni za kila mwezi, kata ile kadi ya kulipia dawa za kipindi kizima mapema.

Mzee wa Pasua, Moshi

Marahaba, mjukuu. Nimefanya unesi Wales hadi nikastaafu, kwa hiyo nisikilize: anwani ya shangazi achana nayo. Barua ya hospitali itafunguliwa mezani kwake, na Old Moshi nzima watajua ugonjwa wako kabla yako. Kama unaitaka kliniki ya kule, sema ukweli unapoishi. Tangu 2015 wanaweza kumpokea mtu wa nje ya eneo lao, ingawa hawalazimiki, na ukiugulia kitandani si wajibu wao kukufuata.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Kliniki hizo hulipwa kwa vichwa vilivyo kwenye orodha. Mnaoweza kuhama mkihama, fedha yenu inahama nanyi, na nyuma wanabaki wagonjwa wazito na daktari yuleyule aliyechoka. Hesabu ya kugawa fedha hizo, inayotumika tangu 2004, inaupa umri uzito mkubwa, na wazee wengi wako mitaa iliyotulia. Kumbe utafiti wa Scotland wa 2012 ulionyesha kuwa watu wa mitaa maskini hurundikiwa magonjwa sugu miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wenye nazo. Mtu wa miaka 50 kwenu ana mwili wa 60 na zaidi, ila hesabu inamwona kijana.

Julian Tudor Hart, GP wa kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg, huko Wales, alishaandika hayo 1971: huduma nzuri hupungua pale inapohitajika zaidi, hasa ikiachiwa soko. Mwaka huohuo hospitali ya rufaa ya KCMC ilifunguliwa hapa kwetu. Huyo bwana alipima presha ya watu wazima wa kijiji kizima, hata wasiojisikia wagonjwa. Wewe wa presha ungempenda.

Na msiniambie ni ya Wazungu tu. Mwenye gari hapa anaipita zahanati bila kugeuza shingo, anakwenda kulipa KCMC. Mama wa kijijini Mabogini anaanzia zahanati, akisubiri rufaa. Mpango wa serikali yetu wa 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kuta zinasimama haraka, mganga wa kukaa ndani yake ndiye kazi, kwani akipangiwa tambarare moyo wake uko mjini.

Jiandikishe hapo mtaani kwako, na siku ya kwanza uwaambie dawa zimebaki za siku ngapi.

Kaka wa Majengo, Leicester

Nidandie hapohapo: mama anakuja kwa viza ya matembezi. Naye ataandikishwa?

Mama wa Kiboriloni, Birmingham

Ndiyo, kama mgonjwa wa muda, na GP hatamtoza. Dharura pale A&E, kitengo cha dharura cha hospitali, nayo bure. Ila akilazwa wodini, mgeni kutoka kwetu hutozwa 150% ya gharama ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali. Mkatie bima kabla hajapanda ndege KIA, na presha yake muitaje kwenye fomu ya bima. Mkiificha, hawalipi.