Kompyuta tumeletewa. LUKU, bando na fundi analipa nani?

Mwalimu wa Fizikia (Tanga)

Wadau habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Nafundisha Fizikia na Hisabati shule ya kata hapa Tanga, upande wa baharini. Ni shule ya kutwa, wanafunzi 612. Miaka miwili iliyopita tuliletewa kompyuta tano na printa moja. Wanafunzi waliimba, diwani alikuja, na funguo za chumba nikakabidhiwa mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa najua kuziwasha. Tangu siku hiyo sijaona hela yoyote iliyoingia shuleni kwa jina la kompyuta.

Leo zinazowaka ni tatu. Moja ilizima katikati ya kipindi umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, haijawaka tena. Nyingine ukiiwasha inalia mara tatu, kioo kinabaki cheusi. Bando nanunua mwenyewe, kama 10,000 kwa wiki, simu naiweka juu ya dirisha linalotazama mnara. LUKU ni ya shule nzima. Ikiisha kabla ya hela kuingia, chumba kinafungwa, basi.

Msinielewe vibaya, silalamikii kuletewa. Voltimita tunazo mbili tu, na moja mshale wake umeganda. Mwaka jana nilipakua PhET, majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado, ambayo ukishayapakua yanafanya kazi bila intaneti. Kidato cha tatu wakaanza kuunganisha waya, betri na balbu humo. Kuna binti mmoja mkimya sana. Akaunganisha balbu ya pili kwa mfululizo, mwanga ukafifia. Akaitoa, akairudisha, akaitoa tena, nilihesabu mara sita. Halafu akaiweka sambamba na ile ya kwanza, zote mbili zikawaka vizuri. Akageuka: "Mwalimu, kumbe ndiyo maana nyumbani tukizima taa ya chumbani, ya sebuleni haizimiki." Miaka tisa nafundisha kanuni hiyo kwa chaki, hakuna mtoto aliyewahi kuniambia neno kama lile.

Kwa hiyo nauliza kwa dhati. Wenzangu mlio kwenye shule za serikali, hela ya kuendesha hizi mashine mnaitoa fungu gani? Na wazazi tunaruhusiwa kuwaomba, au nitajitia matatani?

Mama wa Makorora

Pole na kazi mwalimu. Mimi ni mzazi, nipo pia kwenye bodi ya shule moja hapa mjini, nitakujibu hilo la wazazi.

Hofu yako naielewa. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, na hasa baada ya Januari 2018 Rais Magufuli alipokataza michango mashuleni, walimu wengi hata neno "mchango" hawataki kulitamka. Sisi tulifanya hivi: mwalimu hakushika hela hata siku moja. Mkutano wa wazazi uliitishwa, mtendaji wa kata akawepo, muhtasari ukaandikwa na kusainiwa, barua ikapelekwa kwa mkurugenzi. Majibu yalipokuja ndipo anayetaka akalipa benki, akaleta risiti. Aliyeshindwa hakuulizwa, na mtoto wake hakurudishwa nyumbani. Hilo la mwisho tuliliandika kwa herufi kubwa.

Ila nakuambia kama mama, usiifanye hii ndiyo nguzo yako. Mwezi wa kwanza ulitulipa vizuri. Ilipoingia kusi, bahari ikachafuka, wazazi wavuvi wakawa hawana kitu, na kina mama wanaouza samaki wa kukaanga nao hawana cha kukaanga. Mwezi wa sita zilipatikana hela ambazo hazikununua hata bando la wiki mbili. Mtoto wa mvuvi asisomee kompyuta kwa kutegemea upepo.

Mkuu wa shule mstaafu

Mwanangu, marahaba. Chukua kalamu tupige hesabu pamoja, maana watu hubishana bila kuweka namba mezani.

Mpaka nastaafu 2023, ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ilikuwa 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Nusu ilibaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni ikaja 12,500. Kwa wanafunzi 612 hiyo ni 7,650,000. Kuna fidia ya ada, 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa, hiyo ni 12,240,000. Jumla 19,890,000 kwa mwaka, sawa na 1,657,500 kwa mwezi, kama zote zimekuja na zimekuja kwa wakati. Humo utoe mlinzi, maji, umeme, karatasi na wino wa mitihani, chaki, dawa za huduma ya kwanza, michezo, nauli za kwenda halmashauri, na bati lililong'oka. Utaona kwamba mkuu wako wa shule si mchoyo. Kiwango hicho kilipangwa wakati shule ya kata haina hata kikokotoo, seuze kompyuta.

Lakini kuna kosa ambalo hata mimi nililifanya kwa miaka. Kwenye mpango wa shule tuliandika mstari mmoja, "TEHAMA", tukaweka 300,000 ya kukisia. Afisa anayepitia bajeti akibanwa, mstari wa namna hiyo ndio wa kwanza kufutwa, kwa sababu haumwambii kitu. Mwaka wangu wa mwisho tuliandika kila kitu peke yake: uniti za umeme kwa chumba cha kompyuta, bando la mwezi, fundi mara mbili kwa mwaka, betri za UPS, kile kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika. Tukaambatisha orodha ya vipindi vilivyofundishwa humo na idadi ya wanafunzi. Hatukupata zote, ila mstari wa bando haukufutwa. Anza mapema, kabla halmashauri haijafunga makadirio yake. Ukisubiri Bunge la bajeti mwezi wa nne umeshachelewa.

Na daftari la vipindi unalo?

Mwalimu wa Fizikia (Tanga)

Mzee wangu, ninalo la mahudhurio tu, tena si la kila wiki. Nitaanza kesho.

Fundi Ngamiani

Mwalimu, hiyo inayolia mara tatu usiitupe! Mashine nyingi zikilia hivyo shida ni RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, na sisi watu wa pwani tunaijua sababu: chumvi. Upepo wa bahari unaingia dirishani na unyevu wake, ile miguu ya rangi ya dhahabu inashika kutu nyembamba ambayo kwa macho huioni.

Fanya hivi. Chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili mabaki ya chaji yatoke. Gusa kwanza chuma cha kasha la kompyuta. Fungua ubavu, toa RAM kwa kuachia vishikizo vya pembeni. Chukua kifutio cha penseli, kile laini cha mtoto wa shule, sugua ile miguu taratibu pande zote mbili mpaka ing'ae. Utaona kifutio kimeingia weusi. Pangusa unga wote kwa brashi kavu, safisha na mdomo wa pale inapokaa, rudisha na ukandamize mpaka usikie vishikizo vimealika.

Iliyozima umeme ulipokatika, ninavyodhani ni pawa saplai, kile kifaa cha ndani kinachoilisha mashine umeme. Kifaa hicho kinabadilishwa, kompyuta inaendelea kuishi. Na usizifunike kwa nailoni, nailoni inafungia unyevu ndani. Tumia kitambaa cha pamba, shuka kuukuu linatosha.

Sasa bando. Kwa nini kila mtoto apakue kitu kilekile? Tafuta kompyuta moja hata ya zamani, au Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, iwe seva ya chumba, yaani mashine inayozigawia nyingine. Unaweka Kolibri kwa masomo na Kiwix kwa Wikipedia, zote ni za bure. Unapakua mara moja tu sehemu yenye intaneti nzuri, kisha unagawa kwa waifai ya ruta ya kawaida bila bando. Na vile vishikwambi vya sensa ya 2022 mlivyogawiwa walimu viko wapi? Vikishika hiyo waifai, tayari umeongeza vioo vya kusomea bila kununua kitu.

Mwalimu wa Muheza

Mimi nitakwenda kinyume kidogo, mnisamehe. Kwetu matundu ya vyoo hayatoshi na wasichana wanakosa vipindi. Nikipewa hela ya bando nitajenga choo. Peru waligawa kompyuta ndogo kwenye shule za vijijini, Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ikapima, na matokeo ya 2012 hayakuonyesha watoto kupanda kwenye Hisabati wala lugha. Mashine peke yake haifundishi.

Mwalimu wa Fizikia (Tanga)

Kaka, choo ni haki yao na kwa hilo nasimama na wewe. Lakini naomba mtoto wa kata asiwe ndiye wa kuchagulishwa daima, choo au kompyuta. Mwenzake wa shule ya kulipia hachagulishwi. Kuhusu Peru nakubaliana nawe kabisa, na ndicho kinachoniuma: hapa kwetu pia imeletwa mashine, aliyesahauliwa ni mwalimu. Sijawahi kupewa hata siku moja ya mafunzo. PhET niliijua kwa kutafuta usiku kwenye simu yangu, mwanangu amelala mgongoni.

Mtanga ughaibuni

Nilisoma shule ya kata hapo Tanga, sasa naishi Marekani na nafanya kazi kwenye ofisi ya shule za umma. Nichangie jambo moja linalonitatiza kila nikisoma habari za nyumbani.

Huku kuna mpango unaitwa E-Rate, ulitokana na sheria ya mawasiliano ya 1996. Kampuni za simu zinachangia mfuko, na mfuko unazilipia shule na maktaba sehemu ya bili ya intaneti, kuanzia asilimia 20 hadi 90. Kadiri wanafunzi wa shule wanavyokuwa maskini, ndivyo punguzo linavyokuwa kubwa. Lakini kompyuta ya mwanafunzi mfuko huo haununui. Unalipia kuunganishwa, pamoja na nyaya na waifai za ndani, na unalipia mwaka hadi mwaka. Kompyuta zinatafutiwa hela kwingine. Jimbo la Maine lilipoamua 2002 kumpa kila mwanafunzi wa darasa la saba kompyuta mpakato, lililipa kwa hela ya jimbo, na mafunzo ya walimu yakawa sehemu ya mpango.

Nyumbani tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, wa sheria ya 2006, na wenyewe unachangiwa na kampuni za mawasiliano, na umekuwa ukipeleka kompyuta kwenye shule za umma. Chanzo cha hela kinafanana. Kwetu umenunua kile kitu ambacho huku hauruhusiwi kununua, na bili ya kila mwezi akaachiwa mwalimu. Mkongo wa Taifa wa intaneti upo. Kwa nini tusiombe mfuko huohuo ulipie intaneti ya shule za kata, hata kwa asilimia, kwa kuanzia zile zenye wazazi wasio na kitu? Mwambieni mbunge. Barua ya shule moja itapotea, lakini wakuu wa shule kumi wa wilaya moja wakisaini pamoja itasomwa.

Mama wa Makorora

Hiyo barua ikiandikwa bodi yetu iwemo. Na mwalimu, kuna Mfuko wa Jimbo, mbunge ndiye mwenyekiti wake. Tuliwahi kuupata kwa kumalizia chumba cha maabara. Seva na UPS za kina fundi zinaweza kuombwa huko, maana ni kitu cha kununua mara moja. Bando haliwezi.

Mwalimu wa Fizikia (Tanga)

Nimerudi. Leo saa saba mchana, kidato cha nne wakiwa kwenye mazoezi, nilifungua ile inayolia. Kifutio niliazima kwa yule binti wa balbu, akabaki kusimama ananishikia tochi. Fundi, weusi uliotoka hapo sikuutarajia. Mara ya kwanza ikalia vilevile. Nikaitoa, nikasafisha na mdomo wake kama ulivyosema, nikakandamiza mpaka ikaalika. Ikawaka! Binti akapiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja kutazama.

Sasa ziko nne. Daftari la vipindi nimelianza, mstari wa kwanza ni huo wa leo. Mkuu wangu wa shule nimemwonyesha hesabu ya mzee, ameomba nimnakilie, na amesema shule tatu jirani atazipigia simu mwenyewe kuhusu barua.

Fundi, pawa saplai ya ile ya tano imeandikwa 12V pembeni na ina waya mnene wenye pini nyingi. Nipige picha ya upande gani ndipo ujue ni aina ipi?