Faili la kupakua au CD ya kutuma kwa posta: kipi kinamfaa muuzaji mdogo wa mafunzo ya sauti?

MwanaNota

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimekamilisha mafunzo ya gitaa kwa wanaoanza: masomo 24 ya sauti, kila moja dakika 15, pamoja na kijitabu cha nota chenye kurasa 60. Nataka kuyauza katika masoko ya mtandaoni, ila nimekwama kwenye jambo moja, nalo ni kama niyauze kwa njia ya kupakua au niyachome kwenye CD na kuyatuma kwa posta. Hesabu yangu ya harakaharaka inaniambia kwamba faili halina kasha, jalada wala stempu, hivyo kinachobaki baada ya ada ya soko ni changu chote. Hata hivyo nawaona wauzaji walionizidi uzoefu ambao bado wanatuma CD, na sidhani kama wanafanya hivyo kwa kutojua kupiga hesabu. Naomba anayeijua biashara hii anieleze ni kitu gani nisichokiona.

FundiSauti

Anza na ukubwa wa kazi yenyewe, kwa sababu huo peke yake huamua mambo mengi. Masomo yako ni dakika 360. Sauti isiyobanwa ya kiwango cha CD hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, kwa hiyo mafaili yako ya WAV yatafika gigabaiti 3.6 hivi. CD ya kawaida ya muziki huchukua dakika 80, maana yake kila mnunuzi atahitaji CD tano, na kasha la CD tano ni zito na huvunjika njiani. Ukiyabana masomo kuwa MP3 za kilobiti 192 kwa sekunde, kila dakika inashuka hadi megabaiti 1.44, na yote yanaingia kwenye CD moja ya data, yaani inayobeba mafaili kama ya kompyuta, ya megabaiti 700, nafasi ya kijitabu ikibaki. Ubaya wake ni kwamba redio nyingi za zamani haziisomi CD ya data.

Usidhani upande wa kupakua hauna mipaka. Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono na za kibunifu, kwa mfano, inaruhusu mafaili matano tu kwa kila bidhaa, na kila faili lisizidi megabaiti 20. Somo lako moja, kwa kiwango nilichotaja, ni megabaiti 21.6. Ndiyo maana wauzaji wengi wa pale huweka PDF ndogo yenye kiungo cha kupakulia mahali pengine, na kiungo hicho ni juu yako kukilipia na kukitunza kwa miaka yote ambayo wanunuzi wako watakuwa hai. Siku kikifa, barua pepe za malalamiko zitakuja kwako.

Kwa sauti, Bandcamp, soko la mtandaoni la muziki, ina nafasi zaidi. Hukata asilimia 15 kwa mauzo ya kidijitali, ambayo hushuka hadi asilimia 10 mauzo yako yakivuka dola 5,000, na kwa bidhaa za kushikika mkononi hukata asilimia 10 tangu mwanzo. Utaona kwamba pale bidhaa isiyo na mwili ndiyo inayokatwa zaidi.

BiMswada

Mimi nauza vitabu, si sauti, lakini swali lako la kwa nini wengine bado wanatuma CD lina historia. Mwaka 2008 eBay iliziondoa bidhaa za kupakua kwenye minada na mauzo ya kawaida, ikazipeleka kwenye matangazo madogomadogo. Sababu mojawapo ilikuwa vijitabu vya kielektroniki vya senti chache, ambavyo watu walivinunua kwa makumi si kwa ajili ya kuvisoma bali kwa ajili ya kujikusanyia sifa nzuri za muuzaji au mnunuzi mwaminifu, kisha wakazitumia sifa hizo kuuzia vitu vikubwa. Sisi tuliokuwa na kazi halali tulikumbwa na dhoruba isiyotuhusu. Wengi wakachoma PDF ileile kwenye CD, wakaibandika stempu, na bidhaa ikawa halali tena kwa sababu sasa ina uzito. Nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa na nilijiona kichekesho, lakini mauzo yalirudi.

Na kuhusu faili kutokuwa na gharama ya kusafirishwa, ndugu yangu, soma masharti kwanza. Kwenye Kindle, yaani vitabu vya kielektroniki vya Amazon, mwandishi anayechagua mrabaha wa asilimia 70 hukatwa gharama ya kufikisha kitabu kwa kila megabaiti. Nchini Marekani ni senti 15. Kitabu cha maneno matupu hakihisi kitu. Kijitabu chako cha nota, chenye picha kila ukurasa, kitahisi. Anayechagua asilimia 35 hakatwi.

KaraniWaMizigo

Ninaomba nizungumzie kile ambacho MwanaNota hakukiona, kwa sababu kimewahi kuniuma.

Niliuza mifumo ya ushonaji kama PDF. Mnunuzi mmoja alilipa usiku, akapakua, na baada ya wiki sita akaiambia benki yake kwamba hakuidhinisha malipo yale. Niliwasilisha kumbukumbu za seva zikionyesha tarehe, saa, na kwamba faili lilipakuliwa mara tatu. Jibu nililopata ni kwamba kumbukumbu hizo zinathibitisha kuwa kuna mtu alipakua, wala hazithibitishi kuwa ni mwenye kadi. Fedha zilirudishwa, nami nikatozwa na ada ya usumbufu juu yake. Muda si mrefu nikapata mgogoro wa aina hiyohiyo kwa bidhaa niliyotuma kwa posta. Nikatoa namba ya ufuatiliaji na saini ya aliyepokea mlangoni, na shauri likaisha siku ileile.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia hizi mbili, siangalii kasha na stempu peke yake. Gharama ya CD unaijua hadi senti kabla ya kuuza. Gharama ya faili huja baadaye, vipandevipande: huyu hajui kufungua ZIP, yule amepoteza simu na anataka kiungo kipya, mwingine anadai hakupokea kitu. Miezi mitatu nilijiandikia muda ninaoutumia kujibu barua za namna hiyo, na kwa bidhaa zangu za bei ya chini kabisa faida yote iliishia kwenye kujibu barua.

Ila nisiisifu posta kupita kiasi. Kasha gumu la CD lina meno madogo ya plastiki katikati yanayoishika CD isitikisike. Kasha likigongwa safarini, meno mawili au matatu hukatika, nayo huanza kuzunguka humo ndani pamoja na CD kama mchanga kwenye msasa. Mnunuzi akifungua, kasha kwa nje ni zima kabisa, lakini CD ina mikwaruzo ya duara. Tangu nilipohamia kwenye mifuko ya kadibodi, malalamiko ya aina hiyo yamekwisha.

MzeeKinanda

Yote hayo ni sawa, lakini je, mnunuzi ataiweka wapi hiyo CD? Mwaka 2008, huohuo alioutaja Bi Mswada, Apple ilitoa MacBook Air isiyo na mahali pa kuingiza CD, na watengenezaji wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine. Nimewahi kumtumia mwanafunzi CD nzuri yenye jalada la rangi, akanijibu kwa adabu kubwa kwamba ameiweka ukutani kama pambo na angefurahi kama ningemtumia masomo yenyewe.

MsomaSheria

Kuna tofauti moja ambayo bei yako lazima iitambue. Aliyenunua CD halali anaweza kuiuza tena. Nchini Marekani kanuni hiyo ilithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1908, katika shauri lililohusu kitabu. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya huko ilikataa kuipanua hadi mafaili ya muziki, kwa hoja kwamba kuhamisha faili ni kutengeneza nakala mpya. Huko Ulaya, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliruhusu mwaka 2012 kuuzwa tena kwa leseni za programu za kompyuta, lakini mwaka 2019 ikakataa kwa vitabu vya kielektroniki. Kwako maana yake ni hii: CD zako zilizotumika zinaweza kuonekana katika soko lilelile unalouzia, kwa nusu ya bei yako, nawe huna la kufanya.

Faili nalo lina masharti yake. Tangu Januari 2025, sheria ya California inamtaka anayetumia neno «nunua» kwa bidhaa ya kidijitali aeleze waziwazi kwamba anachotoa ni leseni, isipokuwa pale mnunuzi anapopewa nakala anayoweza kuipakua na kukaa nayo moja kwa moja. Wewe unatoa MP3 zisizofungwa, hivyo uko upande salama. Katika Umoja wa Ulaya, mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kughairi. Kwa faili, haki hiyo hukoma upakuaji unapoanza, mradi awe amekubali mapema na kukiri kwamba anaipoteza. Kwa CD iliyofungwa, hukoma muhuri unapovunjwa. Kwa hiyo ule utando wa plastiki juu ya kasha usiudharau. Kodi ya ongezeko la thamani nayo, tangu 2015, hutozwa huko kwa nchi anayoishi mnunuzi wa faili. Masoko makubwa mara nyingi huikusanya kwa niaba ya muuzaji, lakini ukiuza kwenye tovuti yako mwenyewe, mzigo ni wako.

MwanaNota

Nawashukuru nyote, na Karani hasa, kwa kuwa sikuwahi kufikiria suala la ushahidi. Nimeamua hivi: njia kuu itakuwa kupakua, kwa bei ambayo haitaliwa na barua za msaada, maana yake sitauza somo mojamoja bali yote 24 kwa pamoja. Kijitabu cha nota nitakichapa kwenye karatasi, kwa sababu mwanafunzi wa gitaa mikono yake yote ina kazi na hawezi kufunua kurasa kwenye simu, na kitatumwa kwa namba ya ufuatiliaji. CD ya MP3 nitaiweka ndani yake kwa atakayeiomba tu. Swali langu la mwisho: hizo CD chache nizipeleke kiwandani au nichome mwenyewe?

FundiSauti

Choma mwenyewe. Kiwanda hutengeneza kwanza bamba mama, na gharama yake haileti maana chini ya mamia ya nakala. Usibandike lebo ya karatasi juu ya CD, kwa sababu ikikaa upande hata kidogo CD hupoteza mizani inapozunguka, na gundi yake baada ya muda huweza kuharibu tabaka la juu linalohifadhi data. Andika kwa kalamu ya wino wa maji. Halafu kila nakala uisikilize somo la kwanza na la mwisho kabla ya kufunga bahasha, kwa kuwa makosa ya kuchoma hupenda kujificha ukingoni, na ukingoni ndiko somo la 24 litakakokuwa ukiijaza CD.